Duka la Majembe Linapouza Saruji

Mtu atakaye kujua kama kijiji kinalima au kimeacha kulima, si lazima aende shambani. Yatosha asimame mbele ya duka la pembejeo, atazame kilichopangwa rafuni na kilichotundikwa barazani. Duka halisemi uongo, kwa maana mwenye duka hanunui kwa jumla kitu ambacho majirani zake hawakihitaji. Majembe yakining'inia mlangoni, kijiji kinalima. Majembe yakihamia nyuma ya mlango, na mahali pake pakawekwa mifuko ya saruji, basi kuna jambo limetokea katika ardhi, na aghalabu limetokea kabla watu wenyewe hawajalitambua.

Lipo duka moja kando ya barabara ya Bombo, kaskazini ya Kampala, ambalo limepitia mambo hayo yote. Mwenye duka ni koplo mstaafu, na majirani hadi leo humwita Afande. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Serikali ya Uganda ilipunguza jeshini askari zaidi ya 36,000, naye alikuwa mmoja wao. Kati ya wenzake, baadhi walinunua ng'ombe, baadhi walinunua baiskeli, na baadhi, kusema kweli, fedha zao ziliishia katika pombe. Koplo alikuwa na kibanja cha ekari mbili na nusu alichoachiwa na babake, tena alikuwa na mke mwenye hesabu. Mnamo 1994 wakakodi chumba kimoja kando ya barabara, wakapiga rafu za mbao, wakafungua duka.

Hawakuingia katika kazi hiyo kwa kubahatisha. Koplo aliyakumbuka yaliyotokea alipokuwa kijana. Hadi mwaka 1972 maduka mengi ya majembe na mbegu nchini yalikuwa mikononi mwa Wahindi. Mwaka huo serikali ya Idi Amin iliwapa siku 90 waondoke, na mengi ya maduka yao yakagawiwa watu wengine, wakiwemo askari. Wengi wa waliogawiwa waliuza kilichokuwamo rafuni, wakala faida pamoja na mtaji, kisha wakafunga milango. Raia wakawaita mafuta mingi, na jembe likawa kitu adimu. Kwa hiyo siku ya kwanza ya duka lao Koplo alimwambia mkewe, "Mama watoto, askari mwenye duka ana sifa mbaya ya kufuta. Tusiuze kitu ambacho sisi wenyewe hatujakijaribu shambani kwetu."

Katika miaka ile ya kwanza duka liliuza majembe na mapanga, misumeno midogo ya kupogolea mibuni, magunia, mbegu za mahindi na maharage, dawa za wadudu, na mabomba ya kunyunyizia. Watu waliokimbia vita vya Luwero, vilivyoanza mwaka 1981 na kumalizika 1986, walikuwa wamerudi na kusafisha mashamba yao yaliyogeuka pori. Isitoshe, mwaka 1994 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na mkulima wa Uganda akaonja utamu wa kahawa yake.

Lakini kitu kilicholishikilia duka hakikuwa bidhaa. Kilikuwa ni daftari la madeni. Mke wa Koplo aliandika jina la mteja, alichochukua, na zao litakalolipa: huyu atalipa kwa kahawa, yule kwa maharage, mwingine kwa ndizi za mwezi ujao. Mkopo wa namna hiyo ulimfunga mwuzaji kama ulivyomfunga mnunuzi. Mbegu isipoota, mwenye duka hakulipwa. Mvua isiponyesha, alilala na njaa pamoja na wateja wake. Ndiyo sababu jioni mama huyo alifunga duka mapema akapita mashambani kuangalia mahindi ya watu. Hakwenda kudai. Alikwenda kuona kama alichouza ni cha kweli.

Pigo la kwanza lilikuwa ugonjwa. Mnyauko wa kahawa ulitambuliwa nchini Uganda mwaka 1993, na katika miaka iliyofuata ukaangamiza sehemu kubwa ya kahawa aina ya Robusta. Mbuni ulionekana mzima Jumatatu, na baada ya muda mfupi majani yakakauka tawi baada ya tawi hadi mti wote ukafa. Wakulima wakaja dukani na matawi makavu mkononi. "Afande, tupatie dawa." Dawa haikuwepo. Kilichofaa ni kung'oa mti uliougua na kuuchoma palepale. Koplo angeweza kuwauzia unga wowote wa ukungu uliokuwa rafuni, nao wangenunua kwa shukrani. Mkewe alikataa. Aliwaambia wazi kwamba hakuna chupa ya kuponya ugonjwa huo, wachome miti na kusubiri miche yenye ukinzani. Siku hiyo duka halikuuza kitu, ila daftari lilibaki na heshima yake.

Mwaka 2001 ugonjwa mwingine, mnyauko wa bakteria wa migomba, ukaonekana Mukono na kuenea. Huo nao hauna dawa ya dukani. Mkulima hukata ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na panga analolitumia hulipitisha motoni kabla ya kugusa shina jingine. Mama yule aliwafundisha wateja hayo bila kutoza senti. Misumeno ya kupogolea ikabaki imeota kutu msumarini, kwa kuwa mibuni ya kupogolewa ilikuwa imepungua.

Badiliko la pili lilikuja kimya kimya, nalo lilitokana na jambo jema. Mwaka 1997 Serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, na watoto ambao zamani walipalilia asubuhi wakaenda shule. Vijana waliomaliza shule hawakurudi kwenye jembe, bali wengi walitafuta pikipiki za kubebea abiria. Wazee wakabaki na mashamba pasipo mikono. Hapo ndipo dawa ya kuua magugu ilipopanda kutoka rafu ya chini hadi ya macho. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua majembe matatu kila mwaka alianza kununua chupa moja ya dawa na kukodi kijana mwenye bomba la mgongoni kwa nusu siku. Yeyote aliyetazama rafu angeelewa kwamba katika nyumba ile mtu wa kulima amekwisha.

Badiliko la tatu ndilo lililogeuza duka lote. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 iliikuta wilaya ya Wakiso, inayouzunguka mji wa Kampala, ikiwa na watu karibu 900,000. Mwaka 2014 walikuwa karibu milioni 2, na mwaka 2024 wakapita milioni 3. Watu hao hawakushuka kutoka mawinguni. Ni walimu, makarani, askari polisi, wauguzi na wachuuzi waliotafuta mahali pa kujenga. Dalali akaanza kupita vibanjani akiwa na kamba ya kupimia na bahasha ya noti.

Hesabu ya dalali ni rahisi. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinachukua 5,000. Ukiisha kuacha njia ya kupita, ekari moja hutoa viwanja 7 au 8. Ekari hiyo hiyo ikipandwa migomba kwa nafasi ya mita 3 kila upande, hubeba mashina karibu 450. Kwa hiyo mashina 450 hutoka ili nyumba 8 ziingie. Anayeuza hupokea kwa siku moja fedha ambazo migomba isingempa kwa miaka mingi, na si ajabu akashawishika. Lakini mashina yale yangezaa mwaka huu na mwaka ujao, na fedha huzaa mara moja tu kama hazikuwekwa mahali pa maana.

Wenye nyumba mpya nao wakaja dukani. Hawakutaka jembe. Walitaka chakula cha kuku, chanjo ya kideri, vyombo vya kunyweshea vifaranga, na dawa ya viroboto vya mbwa mlinzi. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 mtu anaweza kujenga banda nyuma ya nyumba, akanunua vifaranga wa siku moja, na baada ya wiki sita au zaidi kidogo akauza kuku wa nyama. Ni kazi halali, na familia nyingi za polisi na wanajeshi zimelipa ada za shule kwa njia hiyo. Lakini mfugaji huyo halimi hata punje moja ya anachowalisha. Pumba za mahindi zinatoka wilaya za mbali, dagaa wanatoka ziwani, mashudu ya pamba yanatoka viwandani. Mji mdogo uliokuwa ukituma magunia ya mahindi Kampala ukawa unangoja lori la pumba kutoka kwingine.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Huko Marekani idadi ya mashamba ilifikia kilele chake mwaka 1935, yakiwa kama milioni 6.8, na hesabu ya kilimo ya mwaka 2022 ilikuta yamebaki milioni 1.9. Kampuni iitwayo Tractor Supply ilianza mwaka 1938 kwa kuwauzia wakulima vipuri vya trekta kwa njia ya posta. Leo ina maduka zaidi ya 2,200, na anayeingia humo hukuta vyakula vya mbwa na paka, nguo, viatu, na vifaa vya watu wenye farasi wawili watatu nyuma ya nyumba zao. Duka halikufa. Lilimfuata mteja wake, na mteja hakuwa tena mkulima. Tofauti ni kwamba kule wengi wa waliotoka shambani walikuta viwanda na kazi za mishahara vinawangoja. Anayeuza kibanja chake kando ya barabara ya Bombo hana uhakika wa kukuta chochote.

Serikali ya Uganda haikukaa kimya. Mwaka 2001 iliunda chombo cha ushauri wa kilimo, na kuanzia miaka ya 2013 na 2014 ikawatuma maofisa wa jeshi kugawa miche na mbegu vijijini. Koplo alifurahi kuona magwanda yakibeba miche ya kahawa badala ya bunduki, ingawa ukweli ni kwamba mtu aliyepewa mche bure hakununua mche dukani kwake. Mwaka 2022 ukaja mpango wa kuendeleza kila muluka, ambamo nyumba inaweza kukopeshwa hadi shilingi milioni 1. Hapo wateja wengi wa duka lile walichagua kuku na nguruwe, kwa kuwa waliobaki na ardhi ya kutosha kwa kahawa walikuwa wachache.

Kadiri wateja walivyobadilika, daftari nalo likabadilika. Wapita njia hulipa taslimu na kuondoka, na wengine hawarudi tena. Hili linaonekana kuwa jema kwa mwenye duka, na kwa fedha za siku ile ni jema. Lakini mwuzaji asiyengoja mavuno hana sababu ya kujali kama mbegu itaota. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima pembejeo zilizonunuliwa katika masoko ya Uganda, ukakuta mbolea imepungukiwa asilimia 30 ya kirutubisho chake, na kwamba katika mbegu za mahindi chotara zilizouzwa, mbegu halisi hazikufika nusu. Sheria na wakaguzi wana kazi yao katika hilo. Hata hivyo kamba iliyomfunga mwuzaji na shamba ilikwisha kukatika kabla ya mkaguzi kufika.

Siku moja ya Jumapili mtoto wa kwanza wa Koplo, mkaguzi msaidizi wa polisi, alitoka kambini na mkewe na watoto kuja kuwasalimu wazee. Baada ya chakula akafungua maneno aliyokuja nayo. Akasema kwamba ekari mbili na nusu zilizobaki zimezungukwa na nyumba pande zote, kwamba bei haijawahi kuwa nzuri kiasi hiki, na kwamba fedha hizo zingejaza duka saruji, nondo, mabati na misumari. "Baba, tazama rafu zako," akasema. "Duka limekwisha kuamua. Ni sisi tunaochelewa."

Kijana huyo hakuwa mlafi. Alikuwa na watoto wanne shuleni na chumba kimoja kambini, na alijua kwamba siku ya kustaafu atatakiwa kukirudisha chumba hicho. Koplo naye alitikisika. Mgongo wake haukuweza tena kuinama shambani, na alikwisha kufanya hesabu za viwanja usiku pasipo kumwambia mtu.

Mkewe hakugomba. Aliingia ndani akatoka na daftari la kwanza kabisa, lililoandikwa mwaka 1994, karatasi zake zimekuwa za manjano. Akampa mwanawe. "Soma majina, mwanangu. Kila jina nitakuambia aliko." Mkaguzi akasoma. Huyu aliuza akanunua gari la abiria, gari likagonga. Huyu aliuza akajenga nyumba za kupangisha, na anakula vizuri hadi leo, mama hakumficha. Huyu aliuza nusu, watoto wakauza nusu iliyobaki alipougua. Huyu, na huyu, na yule wa chini yake, zamani walilipa deni kwa magunia ya maharage, na sasa huja dukani kununua unga kwa kilo. Walipofika ukurasa wa tatu kijana alikuwa anasoma polepole.

"Sikatai saruji," mama akasema. "Watu wanajenga, na mwenye kujenga anunue kwetu. Ninachokataa ni kununua saruji kwa udongo. Saruji ikiisha tutaagiza nyingine. Udongo tutauagiza wapi?" Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, kwamba hati haitakwenda popote bila yeye kutia sahihi. Naye alikuwa anasema kweli. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2004, hairuhusu mtu kuuza ardhi ambayo familia inakaa au inapatia riziki yake pasipo idhini ya mwenzi wake wa ndoa. Koplo, aliyekwisha kupiga hesabu zake usiku, alitazama chini.

Mazungumzo hayo yalichukua Jumapili tatu. Mwishowe walikubaliana hivi. Ukanda mwembamba wa mbele, ambao vumbi la barabara lilikuwa limeuharibu, ungekodishwa kwa miaka michache kwa fundi wa kufyatua matofali ya saruji, na kodi yake ndiyo ingeingiza saruji na mabati dukani. Kijana angeleta akiba yake kidogo na kuwa mshiriki. Ekari mbili za nyuma zisingeguswa wakati wazee wangali hai, na maneno hayo yakaandikwa mbele ya mashahidi ili yasigeuzwe na kilio cha matanga.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia lilitoka kwa wafugaji wa kuku. Wao walikuwa na samadi tele bila shamba, na harufu iliwagombanisha na majirani. Mama akawaambia wailete kwake katika magunia, naye akawapunguzia bei ya chakula cha kuku. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, kwa hiyo huirundika chini ya kivuli na kuigeuzageuza kwa miezi miwili au mitatu ndipo aitie migombani. Ekari mbili zile, zilizokuwa zimechoka, zikaanza kutoa mikungu ya kujivunia.

Kwa wake wa askari wanaokaa kambini, ambako ardhi ni ya Serikali na uani ni padogo, alianza kuuza udongo uliochanganywa na samadi hiyo, pamoja na miche ya sukuma wiki, mchicha na nyanya. Huwaonyesha namna ya kupanda katika gunia: mkebe usio na kitako husimamishwa katikati na kujazwa mawe madogo, udongo huwekwa kuuzunguka, kisha mkebe huinuliwa na kujazwa tena hadi gunia lijae. Maji hupita katika mawe na kufika chini, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Bustani ya gunia haishibishi nyumba nzima, bali huokoa fedha ya mboga. Tena mtoto aliyezaliwa kambini huona kwa macho yake kwamba mboga hutoka katika udongo.

Leo upande wa kushoto wa duka lile kuna saruji, misumari na rangi, na kijana wa mkaguzi ndiye anayeusimamia wakati wa likizo. Upande wa kulia kuna vyakula vya kuku na chanjo. Katikati, nyuma ya mizani, imebaki rafu moja ya mbegu, na mama haruhusu kitu kingine kiwekwe hapo. Mbegu yoyote mpya huipanda kwanza katika ekari zake, na mteja akiuliza kama itaota, humwelekeza apite nyuma ya duka akajionee mwenyewe.

Msomaji aliye karibu kustaafu, anayepanga kuwekeza kiinua mgongo chake katika duka, atafanya vema kutazama kwanza rafu za maduka ya mahali pale, maana zitamwambia ukweli kuliko dalali. Na aliye na ardhi asikimbilie kuuza kwa sababu tu biashara ya jirani imebadilika. Akae na mwenzi wake, wayahesabu majina ya waliouza kabla yao, na waulizane kila mmoja yuko wapi.

Majembe bado yapo katika duka la Koplo, manne au matano, nyuma ya mlango. Hayauziki sana. Akiulizwa kwa nini hayaondoi ili kupata nafasi, hujibu kwamba yeye mwenyewe hununua moja kila mwaka, na mwenye duka hapaswi kwenda kununua kwa mwenzake.